Hofu ya kupimwa kifafa: Waya kichwani, kamera juu ya kitanda

ILIKUWA jioni ya Ijumaa wakati mdogo wangu alipoitupa barua ya daktari juu ya meza ya chakula na kutangaza kwamba haendi popote.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Alazwe hospitalini siku tano, abandikwe waya kichwani, na kamera imtazame usiku na mchana hadi kifafa chake kitakapomshika.

"Yaani nalazwa ili niugue?" aliuliza. "Watu huenda hospitali wapone, mimi naenda nikaanguke mbele ya kamera?"

Mama alikaa kimya. Nami, ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kuandika majibu yao, sikuwa na jibu la kumpa.

Mpenzi msomaji, huenda nyumbani kwako pia kuna barua kama hiyo iliyofichwa kabatini. Kifafa si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wanaishi nao, na karibu wanane kati ya kila kumi wako katika nchi za mapato ya chini na ya kadiri kama yetu. Shirika hilo hilo linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kushikwa, endapo ugonjwa wao ungetambuliwa sawasawa na kutibiwa ipasavyo.

Neno la kutiliwa mkazo hapo ni kutambuliwa. Ugonjwa hauwezi kutambuliwa bila kuonekana, na familia nyingi, yangu ikiwemo, zimezoea kuuficha.

MIAKA YA KUFICHA

Mdogo wangu alianza kushikwa akiwa darasa la saba. Wakati huo hakuwa akianguka. Aliduwaa tu ghafla, macho yamekodolea mahali pamoja, mdomo ukitafuna kana kwamba anakula, na vidole vikichezea vifungo vya sare yake. Baada ya dakika moja au mbili alirudiwa na fahamu, amechoka, wala hakumbuki lolote.

Mwalimu wake alidhani ni utundu. Majirani walinong'ona kwamba ni majini. Nyanya yetu, ambaye ni mtu wa Pwani, alisema ni nyuni wa utotoni amerudi, kwani kwao degedege la mtoto huitwa hivyo na wazee huamini kwamba huletwa na ndege mbaya. Tulizunguka kwa waombezi, tukazunguka na kwa waganga. Wageni walipokuja, mdogo wangu aliambiwa akae chumbani.

Kumbe nyanya alikuwa amegusa ukweli fulani bila kujua. Akiwa na umri wa miaka miwili, mdogo wangu aliugua malaria kali na kushikwa na degedege la muda mrefu. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi, ambao wamechunguza kifafa kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria iliyoingia kichwani hupata kifafa baadaye. Visababishi vingine vinavyojulikana hapa kwetu ni matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na minyoo ya tegu wa nguruwe inapofika kwenye ubongo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoambukizwa kwa kumgusa mgonjwa au povu lake.

Alipofika kidato cha tatu alianza kuanguka pia. Hapo ndipo tulipokwenda hospitali. Alipewa dawa na kushikwa kukapungua, ila hakukuisha. Akapimwa umeme wa ubongo kwa muda wa nusu saa, na majibu yakarudi hayana kasoro. Mama alipiga vigelegele. Siku iyo hiyo alitaka kuzitupa dawa zote, na laiti sista wa kliniki hangetuonya, tungezitupa kweli.

KIPIMO CHENYEWE NI KITU GANI?

Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo mno. Daktari mmoja Mjerumani, Hans Berger wa mji wa Jena, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunasa umeme huo kutoka kwenye kichwa cha binadamu mwaka wa 1924, na akaieleza dunia mwaka wa 1929. Mtambo unaofanya kazi hiyo leo hujulikana hospitalini kama EEG. Visahani vidogo vya madini, kwa kawaida ishirini na kitu, hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa, kila kimoja na waya wake. Mtambo huchora mistari. Kifafa kinaposhika, chembe nyingi hufyatuka kwa pamoja na mistari hiyo huchafuka kama bahari wakati wa kusi.

Shida ni kwamba kipimo cha nusu saa ni sawa na kuchungulia dirishani mara moja. Usipomwona mwizi haina maana kwamba mtaani hamna wezi. Watu wengi wenye kifafa, pengine nusu yao, hupata majibu safi mara ya kwanza kwa sababu ubongo ulikuwa umetulia wakati huo. Ndiyo maana majibu safi si ruhusa ya kuacha dawa.

Kipimo kirefu cha kulazwa huunganisha mistari ya EEG na picha za kamera. Mgonjwa anaposhikwa, daktari huona mwili ulifanya nini na ubongo ulifanya nini katika sekunde ile ile. Hapo anaweza kujua mambo matatu.

La kwanza, kama kweli ni kifafa. Kuna watu ambao huanguka na kutetemeka ilhali mistari ya ubongo wao haibadiliki. Watu hawa hawaigizi na wala hawana wazimu. Mara nyingi ni mwili unaolemewa na mfadhaiko au mambo mazito yaliyowahi kuwapata. Dawa za kifafa haziwasaidii, na kuna wanaozimeza kwa miaka mingi bure ilhali tiba yao ni ushauri nasaha na utaalamu wa daktari wa akili. La pili ni aina ya kifafa, kwani dawa inayofaa aina moja inaweza kuzidisha aina nyingine. La tatu ni sehemu ya ubongo inakoanzia, jambo ambalo ni la lazima kujulikana iwapo upasuaji utafikiriwa.

HOFU MOJA BAADA YA NYINGINE

Jumamosi hiyo nilikaa na mdogo wangu, kalamu mkononi, nikamwomba aniorodheshee kila kinachomtisha. Jumatatu tulikipeleka kikaratasi hicho kliniki. Nawapa hapa yaliyokuwamo na majibu tuliyoyapata.

Watanipiga umeme kichwani. Hofu hii ilikuwa ya Mama zaidi, kwani alikuwa amesikia habari za wagonjwa wa akili wanaotibiwa kwa umeme. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtambo wa EEG hautii umeme wowote kichwani. Kazi yake ni kupokea tu, jinsi redio inavyopokea sauti. Wala hausomi mawazo. Siri zako zitabaki kuwa zako.

Watanyoa nywele zangu. Hawanyoi. Ila nywele huoshwa kwa sabuni na kukaushwa, bila mafuta ya aina yoyote, na misuko hufumuliwa ili visahani viguse ngozi. Mdogo wangu, aliyekuwa ametoka saluni majuma mawili tu yaliyopita, alilia kwa hili kuliko mengine yote. Visahani hushikizwa kwa gundi maalumu, kisha kichwa hufungwa bendeji. Mwishoni gundi hutolewa kwa dawa inayonuka kama ile ya kuondolea rangi ya kucha. Huwasha kidogo, na mabaki hutoka kichwani baada ya kuosha mara kadhaa.

Watu wataniona nikijikojolea. Hii ndiyo iliyokuwa hofu yenyewe, na aliitaja mwisho, kwa sauti ya chini. Jibu la sista lilikuwa kwamba wanaotazama ni wahudumu ambao kazi yao ni hiyo na wameona hayo kwa mamia. Chooni kwa kawaida hakuna kamera, ila mgonjwa hafungi mlango kwa ndani, na mtu humsubiri karibu. Picha ni sehemu ya faili ya mgonjwa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hivyo una haki ya kuuliza nani ataziona, zitahifadhiwa wapi, na kukataa zisitumiwe kufundishia.

Watanipunguzia dawa nishikwe vibaya. Hapa sitadanganya. Mara nyingi dawa hupunguzwa kwa makusudi ili kushikwa kutokee mtu akiwa chini ya ulinzi, na kunaweza kuwa kwa nguvu kuliko kulikozoeleka. Hofu hii ina msingi. Kinachoipunguza makali ni maandalizi: sindano ya mshipa iliyokwisha kuwekwa mkononi, dawa ya kukomesha kifafa iliyo tayari, hewa ya oksijeni, kitanda chenye vizuizi pembeni, na mtu aliye macho. Kwa sababu hiyo hiyo, ni kosa kubwa kwa mtu kujipunguzia dawa nyumbani. Tuliuliza maswali manne kabla ya kutia sahihi, na nawasihi nanyi myaulize: Usiku nani anatazama? Akishikwa, mtu hufika kwa muda gani? Dawa ya dharura ni ipi? Na dawa zake zitarudishwa kiasi chake lini kabla hajaenda nyumbani?

Je, nisiposhikwa? Hutokea. Kifafa nacho kina ukaidi wake, kinaweza kukutesa kila wiki kisha kikakosa kuonekana kinapoitwa. Baadhi ya wagonjwa hurudi nyumbani bila jibu na hutakiwa kurudia. Ni vyema kulijua hilo mapema ili lisikuvunje moyo.

Gharama tuipate wapi? Hospitali zenye mtambo wa aina hii ni chache, na kitanda cha siku tano si bei rahisi. Tulifanya harambee ndogo ya jamaa. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua mahali pa NHIF, kwa hivyo uliza hospitalini na kwa bima yako nini kitalipwa na nini hakitalipwa, na uombe jibu kwa maandishi kabla ya siku ya kulazwa.

SIKU TANO WODINI

Jumatatu iliyofuata tuliingia. Kubandika waya kulichukua zaidi ya saa nzima, na mtaalamu wa mtambo alikuwa mzaha tupu. Mdogo wangu alipojitazama kwenye kioo akiwa na kilemba cha bendeji na mkia wa waya mgongoni, alicheka kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa.

Aliambiwa avute pumzi kwa nguvu dakika tatu mfululizo. Akawekewa taa inayomulika na kuzima upesi upesi. Usiku mmoja akazuiwa kulala hadi karibu na alfajiri, kwani uchovu huamsha kifafa. Mimi nilipewa kidude chenye kitufe, nikaambiwa nikione chochote nisichokielewa nibonyeze, niseme kwa sauti ninachokiona, kisha nisisimame mbele ya kamera wala kumfunika blanketi. Watu wa nyumbani ndio wanaomjua mgonjwa, alisema sista, mashine haimjui.

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Adui mkubwa wodini si maumivu bali ni kuchoka kukaa. Tulicheza karata, akasoma madaftari yake ya chuo cha ualimu, tukagombana kwa sababu ya redio.

Alfajiri ya siku ya tatu sista aliingia ghafla, nami nikiwa nimesinzia. Mdogo wangu alikuwa amelala, mdomo ukitafuna. Dakika moja baadaye ulitulia. Tangu utotoni tumelala chumba kimoja, na sikuwahi kujua kwamba hushikwa akiwa usingizini. Zile asubuhi alizoamka na kichwa kizito, na Mama akamwita mvivu, zikanijia zote.

Alasiri ya siku ya nne akashikwa kwa nguvu. Nilibonyeza kitufe. Sista wawili walikuwa kitandani kabla sijamaliza kulitaja jina lake. Walimgeuza ubavu, wakatazama saa, wakamsemesha kwa upole. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyetia kijiko mdomoni. Kulipoisha walimbadilisha nguo na shuka haraka na kwa heshima, hata alipozinduka hapakuwa na cha kuonea haya. Mama, aliyekuwa amekuja na chakula, alisimama mlangoni akitazama. Kwa miaka yote ile, kila mdogo wangu aliposhikwa, sisi tulikuwa tukikimbia kufunga dirisha.

"KUMBE NI HAYA TU?"

Siku ya mwisho daktari alituonyesha mistari. Kifafa kilianzia upande mmoja wa ubongo, sehemu ya karibu na sikio, kisha wakati mwingine kilienea kote na kumwangusha. Kwa hivyo, kule kuduwaa na kule kuanguka yalikuwa maradhi mamoja. Dawa ikabadilishwa, na tukaelezwa kwamba iwapo dawa hazitatosha, upasuaji ni jambo linaloweza kujadiliwa siku za usoni.

Kisha mdogo wangu akauliza kama anaweza kujiona. Daktari alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akatazama picha ya dakika ile ya alasiri hadi mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

"Kumbe ni haya tu?" alisema. "Mimi nilidhani nageuka mtu mwingine."

Sikujua kwamba amekuwa akibeba wazo hilo tangu darasa la saba. Tulimfungia chumbani ili watu wasimwone, naye akahitimisha kwamba kuna jambo la kutisha lisilofaa kuonekana.

Sitasema kwamba amepona. Bado hushikwa mara moja moja, hasa akikesha wakati wa mitihani. Lakini wenzake wa bwenini wanajua la kufanya, kwa sababu aliwaeleza mwenyewe. Makala hii ameisoma kabla haijachapishwa, na ndiye aliyesema iandikwe.

KABLA YA KULAZWA

Iwapo zamu yako au ya mtoto wako imefika, haya yatakusaidia:

• Andika kwenye daftari siku na saa za kushikwa, kilichotangulia, na muda uliochukua. Ukiweza, mpige picha za video kwa simu anaposhikwa, baada ya kuhakikisha yuko salama. Daktari hujifunza mengi kwa dakika moja ya picha hizo.

• Beba dawa zote pamoja na orodha ya vipimo vyake. Usipunguze hata kidonge kimoja bila kuambiwa.

• Osha nywele siku moja kabla. Usipake mafuta. Fumua misuko.

• Chukua nguo zenye vifungo mbele, kwani fulana haipiti juu ya waya. Beba kitabu, karata au chochote cha kuua wakati.

• Nenda na mtu aliyewahi kukuona ukishikwa, si mtu yeyote tu.

• Mwanafunzi aombe barua ya ruhusa mapema, na asipange kulazwa wiki ya mitihani.

• Mtoto mdogo aelezwe ukweli kwa maneno mepesi. Mbandikie mwanasesere wake vipande vya plasta ili aone mchezo wenyewe. Usimwambie mnakwenda matembezi.

• Usiku au popote pale, mtu akishikwa mgeuze ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, usimtie chochote mdomoni wala usimzuie kwa nguvu. Kukizidi dakika tano, au akishikwa tena kabla hajazinduka, mpeleke hospitali mara moja.

Wanaohitaji ushauri wanaweza pia kuliendea shirika la KAWE jijini Nairobi, ambalo limekuwa likiwahudumia wenye kifafa tangu miaka ya themanini.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Siku hizi Mama ameitundika picha ya mdogo wangu akiwa na kilemba chake cha bendeji ukutani sebuleni, pale pale wageni wanapoketi. Wakiuliza, huwaeleza.